Kuacha kazi na kuachishwa kazi: lugha ndani ya kazi ya wakili wa ajira mjini Kalemie

Baba yangu mdogo alipakia na kupakua mizigo kwenye ghala moja la hapa Kalemie kwa muda wa miaka 6. Siku ya mwisho aliitwa ofisini, akawekewa mezani karatasi ya Kifaransa. Karani akamwambia: "Baba, kazi inaisha. Mukanda unasema unaacha kazi. Tia sinyatire hapa, upate feza yako." Baba mdogo akatia sahihi, akahesabiwa pesa za mwezi ule, akarudi nyumbani. Karatasi aliitunza katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya uchaguzi. Miezi michache baadaye alinipa niisome. Ilikuwa barua ya kujiuzulu. Ilisema kwamba yeye mwenyewe, kwa hiari yake, anaomba kuondoka.

Karani hakusema uongo. "Unaacha kazi" ndiyo tafsiri ya kile kilichoandikwa. Lakini baba mdogo alisikia "kazi imekwisha", na yeye hakuwa ameamua kuacha chochote. Kati ya *kuacha* na *kuachishwa* pana viambishi viwili tu, *-ish-* na *-w-*. Darasani tunavichora ubaoni na kuvipa majina: kauli ya kutendesha, kauli ya kutendwa. Katika ofisi ile viambishi hivyo viwili vilikuwa na thamani ya wiki nyingi za mshahara.

Makala hii inaeleza kazi ya mtu ambaye, kama angeulizwa mapema, angemzuia mwajiri kuandika karatasi ile: wakili anayeshauri makampuni namna ya kufuata sheria ya kazi. Nimeichagua kwa sababu mwaka jana, nilipokuwa nikikusanya data kwa ajili ya mémoire yangu, wakili mmoja wa hapa mjini alinikubalia kukaa ofisini kwake na kumsaidia kuweka kanuni za kampuni moja katika Kiswahili. Jina lake na la kampuni sitayataja, maana siri ya kazi ni sharti la kwanza la taaluma yake. Nitaeleza anachofanya, halafu nitaonyesha kwa nini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kazi ya lugha, na kwa hiyo inatuhusu sisi wa kitivo hiki.

Wakili ambaye hapendi kufika mahakamani

Wengi wetu tukisikia neno wakili tunamwona mtu mwenye joho jeusi akisimama mbele ya hakimu. Katika nchi yetu mawakili, ambao tunawaita Maître, wamepangwa katika barreau kwa Sheria-amri namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Wanaweza kutetea mahakamani, lakini wanaweza pia kutoa ushauri. Wakili niliyekaa naye hufanya zaidi hilo la pili. Yeye husema kwamba kesi ikifika mahakamani, ushauri wake umeshindwa au haukufuatwa.

Ni vizuri kumtofautisha na watu wengine wawili. Inspekta wa kazi ni mtumishi wa serikali: huingia katika kampuni kukagua, na hupatanisha. Mjumbe wa sendika huchaguliwa na wafanyakazi ili kuwasemea. Wakili wa ajira hulipwa na kampuni, na yuko upande wa kampuni. Jambo hili lilinisumbua mwanzoni, nikifikiria karatasi ya baba mdogo. Nilimwuliza waziwazi: "Maître, wewe si unawasaidia wao?" Alijibu kwamba mwajiri anayefuata sheria hulipa kidogo kidogo kwa wakati wake, na asiyefuata hulipa yote siku moja, kazi yake ni kumwonyesha mteja hesabu hizo mbili kabla hajachagua.

Sheria anayoifanyia kazi ni hasa Kanuni ya Kazi, yaani Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa kwa Sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Mbele ya hiyo kulikuwa na ile ya mwaka 1967. Kwa siku za kawaida nilimwona akifanya mambo manne. Huandika au husahihisha mikataba. Hupitia mafaili ya wafanyakazi, mmoja baada ya mwingine, kuona kama mkataba upo, kama una viza ya ONEM, kama mtu ameandikishwa CNSS, kama hesabu ya mshahara inatolewa kwa maandishi. Hutunga kanuni za kampuni, zile zinazoitwa *règlement d'entreprise*. Tena hupigiwa simu mkubwa wa kazi anapotaka kumfukuza mtu, na hapo jambo lake la kwanza ni kumwambia asubiri.

"Kuwa en ordre"

Kifaransa kina neno *conformité*. Nilitafuta watu wa Kalemie wanasemaje, nikakuta hakuna jina moja, ila kuna usemi: *kuwa en ordre*. Mfanyabiashara wa sokoni, mwenye boti inayokwenda Moba, mwenye duka la dawa, wote husema "niko en ordre". Ukichunguza matumizi yao utaona maana yake ni kwamba karatasi zipo, zimepigwa muhuri, na yule anayekuja kukagua hatapata neno la kusema.

Usemi huo unaficha kitu. Unahusu uhusiano wa tajiri na serikali, mfanyakazi hayumo. Kampuni inaweza kuwa en ordre mbele ya mkaguzi, huku watu wake wakifanya kazi saa 60 kwa wiki wakati sheria inasema zisizidi 45. Katika Kiswahili sanifu tunaweza kusema *uzingatiaji wa sheria*. Mimi naona neno *kuzingatia* linafaa kuliko *kutii*, kwa kuwa kutii kunataka bwana na mtumwa, ila kuzingatia kunataka mtu aelewe kwanza kile anachokifuata. Lakini katika mafunzo kwa wasimamizi, wakili aliniomba nitumie maneno marefu yanayoeleweka: *kufanya vile sheria inasema, hata siku mkaguzi hayupo*. Nilikubali.

Kibarua, mkataba, mshahara

Historia ya kazi mjini kwetu imeandikwa ndani ya maneno. Kalemie, wakati ule ikiitwa Albertville, ilikua kwa bandari na kwa reli inayokwenda Kabalo, halafu kwa viwanda kama kile cha nguo cha Filtisaf, ambacho jina lake limebaki kuwa jina la mahali. Wazee waliofanya kazi huko bado humwita msimamizi *kapita*, neno lililotoka kwa Wareno. Leo waajiri ni wa aina nyingine pia: reli na bandari zipo, saruji ya Kabimba ipo, lakini kuna wafanyabiashara wakubwa, makampuni ya simu, na mashirika ya misaada ambayo yaliajiri vijana wengi wa mji.

Tazama maneno matatu. *Mshahara* limetoka katika Kiarabu, katika jina la mwezi. Kwa asili ni malipo ya mwezi kwa mwezi. *Mkataba* lina mzizi wa kuandika, uleule wa *kitabu* na *katibu*. Kwa asili, mkataba usioandikwa ni kinyume cha jina lake. *Kibarua* ni barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili kuonyesha kwamba amefanya kazi. Hatimaye karatasi ikampa mtu jina. Ndiyo kejeli ya lugha: yule ambaye leo hana karatasi yoyote kazini ndiye anayeitwa kwa jina la karatasi.

Kalemie neno kibarua linaeleweka, lakini kazini utasikia zaidi *journalier*, na matamshi yake yamekwisha kuwa ya Kiswahili: *zurnalie*, wingi *bazurnalie*. Sheria inamtambua. Mkataba wa kazi unatakiwa kuandikwa, lakini wa mtu wa siku kwa siku hauhitaji maandishi. Hapo waajiri wengi huishia kusoma. Wakili huwasomesha mstari unaofuata: mtu wa siku kwa siku akiwa amekwisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo 2 kwisha, mkataba huo mpya unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo.

Siku 22 si nyingi. Mtu anayepakia saruji siku 5 kwa wiki huzifikisha katika wiki ya tano. Ndiyo maana wapo waajiri wanaowasimamisha watu siku ya 21, wakawaita tena baadaye. Nilimwuliza wakili anawaambia nini wanaomwomba mpango wa namna hiyo. Alisema huwauliza swali moja: kazi yenyewe inasimama siku ya 21? Kama mizigo inaendelea kuja kila siku, basi kazi ni ya kudumu, na anayeikata vipandevipande anajiwekea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Baba mdogo, kwa miaka 6, aliitwa zurnalie. Kwa hesabu ya sheria alikuwa amekwisha kuacha kuwa zurnalie kabla ya mwezi wa tatu.

Kwa wanaosoma semantiki, kifungu hiki kina zawadi nyingine. Kanuni inatumia maneno mawili yanayofanana: mkataba usioandikwa *est présumé* kuwa wa muda usio na kikomo, hadi ithibitishwe vinginevyo; mkataba wa yule aliyepita siku 22 *est réputé* kuwa hivyo. La kwanza linamwachia mwajiri nafasi ya kuleta ushahidi. La pili linasema: hata kama ninyi wawili mliliita jina lingine, sheria inaliita hivi. Katika rasimu yangu ya kwanza nilitumia *huchukuliwa kuwa* mahali pote pawili. Wakili alirudisha karatasi ikiwa na wino mwekundu. Tulikubaliana kutumia *hudhaniwa kuwa, mpaka ushahidi uonyeshe vingine* kwa la kwanza, na *huhesabiwa kuwa* kwa la pili.

Mikataba ya muda maalumu ina mtego wake. Haizidi miaka 2, na kwa mwajiri mmoja hairuhusiwi kupita mikataba miwili ya aina hiyo, wala kuuongeza mmoja zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za msimu na kazi maalumu zilizobainishwa. Katika mashirika ya mjini kwetu mtu husema "mradi umekwisha" kana kwamba mradi ndio uliomwajiri. Lakini mradi hauna mdomo wala sahihi. Mwajiri ni shirika. Wakili akipitia mafaili ya shirika la namna hiyo, huanza kwa kuhesabu mikataba ya kila mtu. Akikuta wa tatu, humwita mkuu wa wafanyakazi.

Kosa zito si kosa la pesa nyingi

Siku moja mteja alipiga simu asubuhi. Mlinzi wake amelala usiku, anataka kumfukuza sasa hivi, bila chochote, kwa *faute lourde*. Wakili alimwuliza: umejua lini? Nani ameona? Umeandika? Mlinzi amesemaje?

Kwa Kifaransa *lourde* ni nzito. Watu wetu hutafsiri *kosa kubwa*, na ukubwa huo wanaupima kwa hasara: ameiba kiasi gani, amevunja nini. Kanuni haipimi hivyo. Inasema kosa ni zito pale ambapo kanuni za nia njema haziruhusu tena kumlazimisha upande mwingine kuendelea na mkataba. Kipimo ni uaminifu kati ya watu wawili. Mtunza fedha aliyechukua kidogo kwa kughushi hesabu anaweza kuwa na kosa zito. Dereva aliyegonga gari la bei kubwa kwa bahati mbaya anaweza asiwe nalo. Katika kanuni tulizoandika nilichagua *kosa zito*, na mara ya kwanza linapotokea nikaongeza maelezo: *kosa linalovunja uaminifu hata haiwezekani tena kufanya kazi pamoja*.

Tena sheria inaweka saa. Mwajiri anayetaka kufukuza kwa kosa zito anatakiwa kumjulisha mfanyakazi uamuzi wake kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Anayenyamaza mwezi mzima halafu anakumbuka kosa siku ya ugomvi, amechelewa. Nafikiri hekima yake inaeleweka hata bila wakili: ukiweza kuishi na kosa mwezi mzima, haliwezi kuwa zito kiasi hicho.

Jambo ambalo liliwashangaza wafanyakazi tulipowasomea kanuni ni kwamba mwajiri naye anaweza kuwa na kosa zito. Sheria inataja matusi makali, vitisho, kupiga, unyanyasaji wa kijinsia au wa kisaikolojia, na hata kuvumilia wafanyakazi wengine wafanye mambo hayo. Mama mmoja wa usafi aliuliza mara mbili: "Mukubwa naye anaweza kuwa na kosa?" Katika Kiswahili cha kazini kwetu, *kosa* ni neno linaloshuka kutoka juu, sijasikia likipanda. Ilibidi tuiandike sentensi hiyo kwa kumtaja mwajiri waziwazi kuwa mtenda: *Mwajiri anafanya kosa zito akimtukana, akimtisha, akimpiga au akimnyanyasa mfanyakazi*. Rasimu ya Kifaransa ilisema kwa nomino tupu, "injures, intimidation", bila mtenda. Nomino haina mtu wa kushitakiwa.

Preavi ni siku, si bahasha

Neno *préavis* limekwisha kuingia katika Kiswahili cha Kalemie kama *preavi*. Lakini njiani limebadilika maana. Ukiuliza watu kumi barabarani, wengi watakuambia preavi ni pesa anazopewa mtu akifukuzwa. Kwa sheria, preavi ni muda: taarifa inayotangulia, ili mtu atafute kazi nyingine wakati bado analipwa. Imekuwa pesa kwa sababu waajiri hupenda mtu aondoke leo, wakamlipa badala ya siku.

Mabadiliko hayo ya maana yana madhara. Pesa unaweza kupatana: mwajiri anataja kiasi, mfanyakazi anaomba kiongezwe, wanakutana katikati. Siku zinahesabiwa, na hesabu yake ni ya darasa la msingi. Kwa mkataba usio na kikomo, mwajiri anapoamua kuuvunja, preavi haipungui siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima wa kazi unaongeza siku 7. Mwenye miaka 3 ana 14 na 21, jumla siku 35. Mwenye miaka 6 ana 14 na 42, jumla siku 56. Mfanyakazi anapoacha mwenyewe, yeye ndiye anayemdai mwajiri uvumilivu mfupi zaidi: muda wake ni nusu.

Sasa turudi kwenye karatasi ya baba mdogo. Aliyeachishwa baada ya miaka 6 ana siku 56 za preavi, na kabla ya hapo ana haki ya kuambiwa sababu ya kweli inayotokana na uwezo wake, mwenendo wake, au mahitaji ya kampuni. Sababu isipokuwepo anaweza kudai fidia, ambayo sheria imeiwekea mpaka wa mshahara wa miezi 36. Aliyeacha mwenyewe hana hayo. Tena ni yeye anayetakiwa kutoa taarifa. Yote hayo yalikaa ndani ya *-ish-* na *-w-*.

Nilimwonyesha wakili karatasi ile bila kumwambia ni ya nani. Aliisoma, akaiweka mezani. Akasema mteja wake akimletea barua kama hiyo, iliyoandikwa na kampuni kwa lugha ambayo mwenye sahihi haisomi, angemwambia asiitegemee. Halafu akaniuliza kama huyo mtu alikwenda kwa inspekta. Kwa sheria yetu mzozo wa mfanyakazi mmoja haupokelewi na mahakama ya kazi kabla ya kupita kwenye upatanisho mbele ya inspekta wa kazi. Madai ya mshahara hufa baada ya mwaka 1, na madai mengine mengi ya mkataba baada ya miaka 3. Nilirudi nyumbani nikamweleza baba mdogo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwanangu, ningejua kwamba mimi ndiye ninaacha, singetia mkono." Kwa inspekta hajaenda bado. Anasema anaogopa mji ni mdogo na wakubwa wanajuana. Muda bado upo, na kila Jumapili namkumbusha.

Lazima, anapaswa, anaweza

Kila kampuni inatakiwa kuwa na kanuni zake na kuwajulisha wafanyakazi. Mara nyingi ni karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na mlango, kwa Kifaransa, imefifia kwa jua. Kazi niliyopewa ilikuwa kuandaa toleo la Kiswahili la kubandikwa kando yake.

Nilidhani ugumu utakuwa majina. Kwa kweli ugumu ulikuwa vitenzi. Kifaransa cha sheria kina ngazi: *doit*, *est tenu de*, *peut*. Kiswahili tulichofundishwa kina *lazima*, *anapaswa*, *anatakiwa*, *anaweza*, *ana ruhusa*. Niliposomea wafanyakazi rasimu, *anapaswa* walilisikia kama shauri la mzee: vema ukifanya, usipofanya hakuna neno. Nikaliondoa mahali pote palipo na wajibu, nikaweka *ni lazima*. *Anaweza* nalo lina maana mbili: ana nguvu za kufanya, au ameruhusiwa. "Mfanyakazi anaweza kukataa kazi yenye hatari": mmoja alicheka akasema, "Kuweza naweza, lakini kesho?" Tukaandika *ana haki ya kukataa*.

Likizo pia ilituchelewesha. Watu husema *konje* kwa kila aina ya kutokuwepo kazini: ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, hata ya kufiwa. Lakini kila moja ina hesabu yake. Ya mwaka ni siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima wa utumishi, au siku 1 na nusu kwa wenye umri chini ya miaka 18. Ya uzazi ni wiki 14 mfululizo. Ilibidi kila mara tuseme *konje ya nini*.

Ng'ambo ya ziwa

Boti hutoka hapa kwenda Kigoma, na lugha ni ileile, lakini maneno ya kazi si yaleyale. Kule preavi ni *notisi*, konje ni *likizo*, na mukanda ni *barua*, maana kwao mkanda ni wa kufunga kiunoni. Sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina jambo moja ambalo ningependa wanasheria wetu walitazame: mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kuelewa kumewekwa ndani ya wajibu. Mwaka 2021 Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri ikawa kubwa.

Hatuwezi kuchukua istilahi zao zote jinsi zilivyo. Ukimwambia mpakiaji wa Kalemie kwamba ana haki ya *notisi*, atakuuliza ni kitu gani. Ukimwambia preavi, anajua, ila anajua nusu. Kwa maoni yangu njia ya busara ni kutunza neno ambalo watu wanalo na kulirudishia maana yake: *preavi, yaani siku unazoendelea kulipwa kabla ya kazi kuisha*. Neno lililokwisha kukaa mdomoni mwa watu ni rahisi kulisahihisha kuliko kuleta geni.

Kazi iliyo mbele yetu

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba ni lugha za taifa. Hilo tunalijua wote. Kifungu cha 142 tunakitaja mara chache: kinasema serikali inahakikisha sheria zinasambazwa kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Kila nakala ya Kanuni ya Kazi niliyoiona, maktabani kwetu na ofisini kwa wakili, ilikuwa ya Kifaransa.

Ni rahisi kulaumu Kinshasa. Lakini tafsiri ya sheria haiandikwi na waziri. Inaandikwa na watu wanaojua tofauti ya *hudhaniwa* na *huhesabiwa*, na ambao wamekwenda kusikiliza mpakiaji anasemaje. Watu hao wanafundishwa katika vitivo kama hiki. Wanasheria peke yao hawataweza, kwa maana wamesoma kila kitu kwa Kifaransa na mara nyingi wanawaza sheria kwa Kifaransa. Sisi peke yetu hatutaweza pia: mimi nilikosea *réputé* na *présumé* katika ukurasa wa kwanza.

Wakili ameniomba orodha ya maneno 40 ya kazi katika Kiswahili cha Kalemie, kila neno na maelezo ya mstari mmoja, ili ayatumie katika mafunzo ya wasimamizi na ayaache kwa wajumbe wa wafanyakazi. Nimefika 23. Ninaomba walimu wangu wakosoe yale niliyoyataja hapa, na wanafunzi wenzangu walio na wazazi au ndugu bandarini, kwenye reli au Kabimba, waniletee wanavyosema huko. Neno la kwanza katika orodha ni *kuachishwa*. Mbele yake nimeandika: *mwajiri ndiye aliyeamua, usitie sahihi karatasi inayosema unaacha*.